Maiti Haijibu Shtaka

Sehemu ya kumi na moja

Upinde ulikuwa umevutwa mpaka kwenye sikio la Damasi. Hapo ndipo tulipowaacha juma lililopita, msomaji, na tangu hapo hakuna aliyeshusha pumzi.

Mshale ulimlenga Konstantini, mwenyekiti wa kijiji cha Endamoya, aliyesimama katikati ya njia ya matope akiwa na pingu mikononi. Lakini ili umfikie Konstantini, ulipaswa kwanza kupita kwenye kifua cha Sylvesta.

"Toka," alisema Damasi.

"Sitoki."

"Baba yangu na baba yako wamenyonya ziwa moja. Sitaki kukutoboa."

"Basi shusha upinde, hutanitoboa."

Damasi alicheka bila kuonyesha meno. "Huyu ndiye aliyempakia kaka yako Teodori kwenye gari kama gunia la mbaazi. Leo unamkinga kwa kifua. Mpe na shikamoo basi, adabu zikamilike."

Nyuma ya Sylvesta, Konstantini alikohoa. "Marahaba," alisema.

Ndivyo alivyokuwa. Pingu zilimfunga mikono, ulimi zikauacha.

Koplo Basil alikuwa na bunduki begani, lakini mwaka ule wa 1984 kila mtu alijua kwamba risasi zilikuwa adimu kama sabuni. Hakimu Aikande, mama mfupi kutoka Moshi, alisimama kando ya njia amekumbatia mkoba wake, viatu vyake vya raba vimejaa tope. Gari la polisi lilibaki mjini Babati bila petroli. Kwa hiyo mahakama nzima ilikuwa inapanda mlima wa juu ya Bonga kwa miguu: hakimu, askari, mshtakiwa, na Sylvesta wa kuwaonyesha njia.

Katika mahindi yaliyopita kimo cha mtu, vijana wenzake Damasi walianza kuimba. Walikuwa wametoka kilabuni Maisaka, na sauti zao zilikuwa na pombe ndani yake.

*Tumeuliza sukari, tumeshibishwa maneno,*
*Ndugu kapakiwa gari, kosa lake lile neno,*
*Mwenye kijiji hodari, anatucheka kwa meno,*
*Leo sisi tu tayari, kuyang'oa hayo meno.*

Sylvesta aliyasikia yale maneno yakimpiga mgongoni kama mawe. Wimbo ule alikuwa ameutunga yeye mwenyewe, wiki ile Teodori alipopotea.

"Unausikia?" Damasi aliuliza. "Wimbo wako huo. Sisi tunautimiza tu."

"Ukimuua hapa, kesho utanionyesha nini? Kaburi lake. Mimi ninatafuta la kaka yangu, kama analo."

"Mahakama itakuonyesha? Wakubwa hawafungwi, Sylvesta. Wanahamishwa."

"Huenda. Lakini huyu ametembea kutoka Babati na pingu, na pale Singe alikojoa kwa ruhusa ya Koplo. Umewahi kuliona hilo tangu uzaliwe?"

Kijana mmoja ndani ya mahindi aliangua kicheko. Wimbo ukakatika.

"Mtu aliyekufa haulizwi," Sylvesta aliendelea, kwa sauti ya chini sasa. "Konstantini ndiye pekee anayejua gari lile lilikwenda wapi. Ukimpiga mshale, unamfichia siri yake milele. Niachie siku hii moja. Shemeji Fabiola aseme, na huyu ajibu."

Damasi alikuwa bado ameshikilia uzi. Aliulegeza polepole.

"Jua likifika utosini na hajajibu," alisema, "siombi ruhusa ya mtu."

Akatema mate kwenye kiatu cha Konstantini. Kisha yeye na wenzake wakateremka kuelekea Bonga, na mahindi yakajifunga nyuma yao.

Hakimu Aikande alipumua. "Kijana," alimwambia Sylvesta, "umenisaidia. Lakini usidhani nina uhakika kwamba mwenye upinde ndiye mwenye makosa na wewe ndiye uliye sahihi. Mafaili yangu ya wakubwa yana tabia ya kupotea."

"Sasa kwa nini umepanda mlima, Mheshimiwa?"

"Kwa sababu hili bado halijapotea. Twende."

Kwa nini mahakama ilimfuata shahidi, badala ya shahidi kuifuata mahakama? Kwa sababu ya ziwa la mama.

Teodori alisimama kwenye mkutano wa hadhara akauliza sukari na sabuni za duka la kijiji zinaishia wapi. Swali moja tu. Nchi nzima ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi, na Konstantini hakuhitaji zaidi ya hilo. Alimwita Teodori mhujumu, akamtia garini mbele ya mkewe, Fabiola, akasema anakwenda kujieleza mjini na jioni atarudi. Polisi wa Babati hawakumpokea. Hakuna mahabusu iliyomjua. Msimu ukaisha, mwingine ukaanza.

Kisha mtoto mchanga wa Fabiola akafa kwa homa, akiwa bado ananyonya.

Wambulu wa Endamoya ni Wakatoliki siku ya Jumapili, lakini msiba wa namna hiyo haumwachi mama huru hata Jumapili. Anaingia kwenye kutengwa ambako wenyewe wanakuita metimani. Havuki mpaka wa mji wake. Hapiti njia ya kisima cha wote. Kibuyu alichonywea hakinywewi na mwingine, na asiye wa nyumba yake haingii kwake, wasije wakatiana mkosi. Padri alikemea, watu wakaitikia amina, wakarudi nyumbani wakafanya vilevile.

Konstantini aliyajua hayo tangu utotoni. Ndiyo maana kesi ya kupotea kwa Teodori ilipotajwa alisimama mahakamani akitabasamu: "Mheshimiwa, shahidi wao hawezi kufika. Nadhani shauri lifutwe."

Na Hakimu Aikande, mgeni asiyejua lugha ya huko hata salamu, alijibu, "Basi tutamfuata."

Mji wa Fabiola ulizungushiwa uzio wa minyaa. Nje ya uzio ule kijiji kizima kilikuwa kimekaa kwenye nyasi. Waliweka meza ya shule na viti viwili.

Kimoja kilikuwa cha hakimu. Cha pili kilikuwa tayari kina mtu.

Alikuwa Bwana Eustace, mkubwa mmoja kutoka wilayani, amevaa kaunda suti ya rangi ya udongo. Land-Rover yake ilikuwa imepaki chini ya kilima, na watu waliitazama kuliko walivyomtazama yeye. Siku hizo gari lenye petroli lilikuwa kama ng'ombe mwenye mbawa.

"Nimekuja kama mwananchi tu," Eustace alimwambia hakimu. "Kushuhudia haki ikitendeka. Ningejua mnatembea ningewapa lifti."

"Tulitoka mapema," alisema Aikande.

Sylvesta aliangalia mikono ya Konstantini. Mwenyekiti alipomwona Eustace, pingu zake zililia.

Fabiola alitoka ndani ya nyumba yake akasimama nyuma ya minyaa. Alikonda mpaka khanga ilimzunguka mara nyingi. Bintiye mkubwa, Leonia, alikuwa anaishi kwa bibi yake ng'ambo ya kijito, maana mama hakutaka akue akitengwa naye.

"Hamjambo," alisema Fabiola.

Hakuna aliyeitikia haraka. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuisikia sauti yake tangu mazishi.

Ikaja shida ya Biblia. Koplo Basil alikuwa na moja tu, ya mahakama, na alipoinyoosha juu ya uzio wazee walinung'unika. Akiigusa yeye, nani ataigusa tena?

"Nami nisiapishwe kwayo," Konstantini alisema upesi. "Nina familia."

Hakimu Aikande alifungua mkoba akatoa Biblia yake mwenyewe, ndogo, ya kipaimara, yenye ukingo mwekundu. Alikwenda mpaka kwenye minyaa akampa Fabiola mkononi. Vidole vyao viligusana. Watu wakavuta pumzi.

"Apa, mama. Kisha ubaki nayo."

Fabiola akaapa, na wanaume nje ya uzio wakavua kofia. Kisha akasema, na hakulia hata mara moja, na hilo ndilo lililowaumiza watu.

"Mwenyekiti alikuja asubuhi. Nilikuwa nimechemsha viazi vitamu, nikamfungia mume wangu kwenye jani. Mwenyekiti akaniambia, usihangaike Mama Leonia, jioni atakula kwako. Nilisimama pale barabarani kuwasindikiza. Gari halikushuka kwenda Babati. Lilipinda kulia, njia ya Dodoma. Nikasema wamesahau kitu. Bado nasema hivyo kila siku, wamesahau kitu."

"Mshtakiwa," alisema hakimu, "una haki ya kumuuliza shahidi maswali."

Konstantini alisimama. Alikuwa msemaji wa mikutano, na mkutano ulikuwa umekaa mbele yake.

"Mama Leonia. Kutoka ndani ya minyaa hiyo unaiona barabara?"

"Siioni."

"Ahaa. Sasa gari umelionaje likipinda?"

"Siku ile sikuwa ndani ya minyaa, Mwenyekiti. Niko ndani kwa sababu mtoto alikufa. Mtoto alikufa kwa sababu ulimwambia mganga wa zahanati kwamba nyumba ya mhujumu haipewi dawa. Nilisimama mlangoni pale nimembeba, ukapita, nikakuamkia. Uliitikia."

Hata wale waliokuwa wamekula sukari ya Konstantini walitazama chini.

Yeye mwenyewe alibaki amesimama. Sylvesta alikuwa amemchukia mtu huyu kwa msimu mzima, na kwa mara ya kwanza alimwona bila cheo. Alikuwa mzee mwenye shingo nyembamba.

"Una swali lingine?" hakimu aliuliza.

"Sina." Kisha akasema, "Nina neno."

"Hulazimiki kusema. Ukisema, nitaliandika."

"Andika." Aligeuza kichwa, akatazama viti. "Mnanicheka mimi. Mimi ni mkia tu. Mkia haumwongozi ng'ombe. Sukari ile haikulala kwangu, ilipita. Na siku ile si mimi niliyesema gari lipinde kulia. Nilipanda nikadhani tunakwenda mjini, Mungu shahidi."

"Nani alisema?"

Mguu wa Eustace, uliokuwa umekunjwa juu ya mwingine na kuchezacheza tangu asubuhi, ulitulia.

"Yupo hapa," alisema Konstantini. "Nami sitanyongwa peke yangu. Andika, Mheshimiwa. Teodori nitawapeleka alipo."

Kila alichokuwa Sylvesta ameambiwa hakiwezekani kilikuwa kinatokea mbele ya macho yake, juu ya meza ya shule. Mkubwa alikuwa anajibu. Na juu yake kulikuwa na mkubwa mwingine, naye alikuwa ameanza kutoka jasho.

"Yuko hai?" aliuliza Fabiola.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Konstantini hakuisikia vizuri. Aliiacha meza, akapiga hatua kuuelekea uzio, akainamisha kichwa ili asikie.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Mume wangu. Yuko hai?"

Akaweka mikono yenye pingu juu ya minyaa, akafungua kinywa.

Mshale ulitoka upande wa mahindi.

Haukupiga kelele. Konstantini alisukumwa mbele kana kwamba ameitwa na mtu wa ndani, minyaa ikavunjika chini ya uzito wake, na akaangukia uani kwa Fabiola, utomvu mweupe ukimtiririka machoni.

Wanawake walipiga mayowe. Koplo Basil alimlaza hakimu chini, akaielekeza bunduki kwenye shamba lisilo na mtu. Eustace alikuwa tayari yuko nyuma ya mti.

Na hapa ndipo jambo likawa baya kuliko mshale. Konstantini alikuwa bado hai. Alikuwa anasogeza midomo. Lakini alikuwa ameanguka ndani ya mpaka, na kijiji kizima kilisimama kwenye ukingo wa minyaa, wanaume wazima, mikono inaning'inia. Hakuna aliyevuka. Sylvesta naye, aliyekuwa amesimama mbele ya upinde asubuhi ile, aliutazama mguu wake ukikataa.

"Muulize!" Hakimu Aikande alipaza sauti akiwa bado chini. "Mama, muulize. Neno lake la mwisho ni ushahidi."

Fabiola alipiga magoti, akainamisha sikio kwenye kinywa cha mtu yule. Alisikiliza. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Kilikuwa kibuyu chake mwenyewe, kile kisichonywewa na mtu.

Alimwinua kichwa. Konstantini alikunywa, maji mengine yakimwagika kidevuni. Kisha hakunywa tena.

"Amesema nini?" Sylvesta aliuliza.

Fabiola alikuwa bado ameshika kichwa kile.

"Amesema maji."

Jua lilikuwa utosini.

Hakimu Aikande alijifuta tope, akarudi kwenye meza, akaandika mstari mmoja. Kalamu ilimsumbua, akaitikisa, akaandika tena.

"Pole sana, Mheshimiwa," alisema Eustace. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake na rangi yake ilikuwa imerudi naye. "Hasira za wananchi hizo. Tuliwaonya hawa wenyeviti. Sasa shauri lenyewe, kisheria, linakuwaje?"

"Unajua linavyokuwa."

"Nataka wananchi wasikie."

Aikande alifunga faili. "Mshtakiwa akifa, shtaka linakufa naye. Kesi imekwisha."

"Basi," alisema Eustace kwa upole, "tumshukuru Mungu."

Sylvesta hakumsikia vizuri. Alikuwa anatembea kuelekea mahindi.

Alimkuta Damasi amechuchumaa kwenye mfereji, upinde haupo tena mkononi, uso umejaa furaha kama wa mtu aliyetoka kubatizwa.

"Nimewamalizia kesi," alisema Damasi.

"Umeimaliza. Kweli kabisa." Sylvesta alimshika shati. "Alikuwa anasema, Damasi. Alikuwa ameanza kusema."

"Kusema nini? Toka hapa nilipo hapasikiki kitu. Nilichokiona ni kwamba anaacha meza na kwenda kuuvunja uzio wa mwanamke aliye kwenye metimani. Anataka kuingia kwake mbele ya watu, amtie mkosi mpaka afe. Ungekuwa wewe ungengoja?"

"Alikwenda kumsikiliza. Shemeji alimuuliza kama Teodori yuko hai."

Furaha ilibaki usoni kwa Damasi kidogo, kama taa inayokaa baada ya mafuta kuisha.

"Akajibu nini?"

"Ulimjibia wewe."

Mbali, Mama Damasi alikuwa anaita jina la mwanawe, kwa wasiwasi, kama anavyoitwa mtoto wakati wa kula.

"Uliteremka Bonga," Sylvesta alisema ghafla. "Nilikuona. Umepandaje tena huku, ukatutangulia?"

"Tulipata lifti."

"Lifti ya nani? Wilaya nzima haina petroli."

"Ya Bwana Eustace. Dereva wake alisimama mwenyewe pale Bonga baada ya kumpandisha bosi, akatuita. Mtu mwema yule, hakuuliza hata upinde ni wa nini. Akatuambia, kaeni upande wa mahindi, hapo mtaona vizuri."

Sylvesta alimwachia shati. Alijikuta amekaa kwenye matope.

Kumbe mshale waliodhani umetoka kwa wanyonge ulikuwa umeagizwa kutoka kwenye kiti. Walitaka kuwang'oa wakubwa meno, wakamng'oa mmoja ulimi, na mwenye meno alikuwa pale juu anacheka. Kama Konstantini angeishi saa moja zaidi, Eustace angeshuka mlima ule na pingu. Sasa angeshuka na gari.

"Mbona unaniangalia hivyo?" aliuliza Damasi.

"Simama. Mama yako anakuita."

Waliporudi kwenye uzio, Koplo Basil alikuwa ameushika kwa kitambaa ule mshale, ambao Fabiola aliuchomoa akamsukumia nje ya uzio. Alitembea mbele ya watu, akiwaonyesha mmoja mmoja.

"Nani amerusha huu?"

Hakuna.

"Nani amemwona aliyerusha?"

Watu walitazama miguu yao. Kumtaja ndugu kwa serikali ni jambo ambalo Endamoya haisamehe. Anayefanya hivyo hapewi moto na jirani, na mkewe akijifungua hapati wa kumkanda. Hutengwa, na kutengwa kwake hakuna siku ya kuisha.

"Koplo," alisema Eustace, "usiwasumbue. Andika kwamba hapakuwa na aliyeona. Ni wananchi wema. Mimi mwenyewe nitalieleza huko juu."

Alimtazama Damasi, akatikisa kichwa kidogo, kama baba. Damasi, maskini wa Mungu, alimrudishia tabasamu.

Hakimu Aikande alikuwa anapanga mkoba wake. Mkoba ulikuwa mwepesi bila Biblia. Alipopita karibu na Sylvesta alisimama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Kesi ya kaka yako imekufa," alisema bila kuinua kichwa. "Ya kifo hiki ndiyo kwanza inazaliwa. Itakwenda kwa jaji. Huko kila neno alilolisema Konstantini litasomwa, na waliokaa kwenye viti wataulizwa walifuata nini hapa. Na magari yao pia yataulizwa."

"Na aliyerusha?"

"Unaijua adhabu ya kuua."

Sylvesta aliijua. Kila mtoto aliijua.

"Lakini haisimami bila shahidi," Aikande alisema. "Nisikudanganye, kijana. Hata akiwepo, huenda isisimame. Mafaili yangu nilishakuambia." Akainuka. "Sikulazimishi. Nami nikilazimishwa jambo kama hili ningekimbia."

Mama Damasi alikuwa amemfikia mwanawe. Alikuwa anamfuta tope shavuni kwa ncha ya khanga, akimkaripia kwa kushinda njaa. Huyo ndiye mama aliyemlea Sylvesta pia, mama yake mwenyewe alipofariki. Ugali wake ndio uliompa mifupa aliyosimama nayo mbele ya upinde.

Asubuhi alimwambia Damasi kwamba mahakama ni bora kuliko mshale. Yalikuwa maneno rahisi wakati ule. Mshtakiwa alikuwa mtu mwingine.

Dereva wa Eustace aliwasha gari chini ya kilima. Mkubwa alikuwa anaagana na watu, mkono kwa mkono, akiwapa pole kwa zamu, akiteremka kuelekea mlango uliofunguliwa. Ukifungwa ule, mtu aliyejua Teodori alipo angeondoka pamoja na siri yake.

"Kwa mara ya mwisho," Koplo Basil alisema. "Kuna aliyeona?"

Ndani ya minyaa iliyovunjika, Fabiola alikuwa bado amekaa chini na kichwa cha adui yake mapajani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuingia kumpokea. Biblia yenye ukingo mwekundu ilikuwa kando yake kwenye majani. Aliinua macho, akayapitisha juu ya watu wote, mpaka yakampata aliyemtaka.

"Shemeji," alisema. "Wewe umeona?"

Damasi aligeuka kumtazama Sylvesta. Alikuwa bado anatabasamu, na mkono wa mama yake ulikuwa bado shavuni mwake.

Sylvesta alivua kofia, kama alivyoivua wakati wa kiapo.